Dagaa Hana Mfuko wa Tumbo, Sisi Tunao wa Nini?

Dagaa wa Ziwa Victoria, yule anayeanikwa juani kuanzia Mwanza na Musoma hadi Kisumu, ambako anaitwa omena, hana mfuko wa tumbo. Koo lake linaungana moja kwa moja na utumbo, bila ile sehemu iliyotanuka ambamo kwa binadamu au mbwa chakula hukaa kwanza baada ya kumezwa. Wala hayuko peke yake. Ukoo wake wote mkubwa wa samaki, akiwamo ningu wa ziwa hilohilo, uko hivyo, na kamongo, ambaye si ndugu yao wa karibu hata kidogo, naye hana mfuko wa tumbo wa kweli. Kule Australia yuko platipasi, mnyama mwenye manyoya na mdomo wa bata, ambaye mababu zake walikuwa na mfuko huo na tezi zake za asidi, kisha ukapotea katika vizazi. Viumbe hawa hawaishi kwa umande. Hula wadudu, minyoo, konokono na samaki wenzao, wanapata protini na mafuta yao yote, wanakua na kuzaana kwa wingi. Kama kumeng'enya chakula kungekuwa kazi isiyofanyika bila mfuko wa tumbo, ziwa lile lisingekuwa na dagaa hata mmoja.

Naanzia kwa dagaa kwa sababu hoja yangu ni hii: tumeupa mfuko wa tumbo sifa isiyo yake, tukaunyima iliyo yake. Wengi wetu tulitoka shuleni na picha ya chakula kinachoingia tumboni, kinameng'enywa humo, kisha mabaki yanapitia utumboni kwenda nje. Kwa kweli sehemu kubwa ya kumeng'enya, pamoja na karibu ufyonzaji wote wa virutubishi, hufanyika mbele zaidi, katika utumbo mdogo. Mfuko wa tumbo ni ghala lenye mlinzi. Unapokea chakula kingi kwa wakati mmoja, unakihifadhi, unakisaga, unaua vijidudu vilivyoingia nacho, halafu unakitoa kidogo kidogo kwa kadiri utumbo unavyoweza kukihudumia. Kulijua hili kunabadilisha mambo hata nje ya darasa la baiolojia. Anayeamini kwamba mfuko wa tumbo ndio unaomeng'enya kila kitu ataiona kila shida ya tumbo kuwa ni asidi, ataogopa kunywa maji wakati wa kula, na atameza dawa za kukata asidi kwa miezi mingi pasipo kujua ameondoa nini mwilini mwake.

Imani hiyo haikuzuka hivihivi. Ilijengwa na majaribio ya watu makini. Hadi karne ya 18 wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana kama tumbo linasaga tu, au linaozesha, au linayeyusha. Mwaka 1752 Mfaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur alimlisha ndege wa jamii ya mwewe vijibomba vya chuma vyenye nyama ndani, ncha zake zikiwa zimefungwa kwa wavu. Ndege huyo ana desturi ya kutapika asivyoweza kumeng'enya, na vijibomba vilipotoka, nyama ilikuwa imeanza kuyeyuka ingawa hakuna kitu kilichoweza kuisaga. Mtaliano Lazzaro Spallanzani akaendeleza kazi hiyo kwa kumeza mwenyewe vijifuko vya kitambaa vyenye chakula. Mwaka 1823 William Prout wa London akatangaza kwamba majimaji yale yana asidi ya hidrokloriki, na mwaka 1836 Theodor Schwann wa Ujerumani akatambua kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya asidi hiyo, akakiita pepsini. Kufikia hapo kila mtu mwenye elimu alikuwa na uhakika kwamba siri ya mmeng'enyo iko ndani ya mfuko wa tumbo.

Aliyeikaza imani hiyo kuliko wote alikuwa William Beaumont, daktari wa jeshi la Marekani katika kisiwa cha Mackinac. Juni 1822 alimtibu Alexis St. Martin, kijana Mkanada aliyekuwa kibarua katika biashara ya ngozi za wanyama, baada ya bunduki kufyatuka kwa bahati mbaya na kumpasua ubavu. Kijana alipona, lakini tundu la kuingia hadi kwenye mfuko wake wa tumbo halikuziba tena. Kwa miaka kadhaa Beaumont alimweka kama mtumishi wake na kumfanyia majaribio kupitia tundu hilo. Haki ya maskini yule haikupewa uzito, na inastahili kutajwa kila mara jina la daktari linapotukuzwa. Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 1 Agosti 1825. Beaumont alifunga kwenye uzi wa hariri vipande vya nyama za aina kadhaa, mkate mkavu na kabichi mbichi, akavitumbukiza ndani kwa kupitia tundu. Baada ya saa moja alivuta uzi akakuta kabichi na mkate vimekwisha kwa karibu nusu, nyama ikiwa bado nzima. Saa moja nyingine ilipopita, kabichi, mkate, nyama ya nguruwe na ya ng'ombe iliyochemshwa vilikuwa vimetoweka kwenye uzi. Akaandika kwamba vimemeng'enywa. Kitabu chake cha mwaka 1833 kikawa msingi wa somo zima.

Yasome matokeo hayo kwa ujuzi wa leo, utaona kitu cha ajabu. Binadamu hana kimeng'enya chochote cha kuvunja nyuzi za kabichi, si tumboni wala popote pengine mwilini. Kinachovunjwa huvunjwa na bakteria wa utumbo mpana. Mkate nao ni wanga, na tezi za mfuko wa tumbo hazitoi kimeng'enya cha wanga. Mate yanacho, lakini mkate ule haukupitia mdomoni. Vitu viwili vilivyoanza kutoweka mapema kabisa kwenye uzi wa Beaumont, basi, ndivyo ambavyo mfuko wa tumbo hauna uwezo wa kuvimeng'enya. Vililowana, vikalainika, vikakatika kwa misukosuko ya misuli na kusukumwa mbele. Beaumont aliona kwa usahihi. Kosa lilikuwa katika kuhesabu kila kilichoondoka kuwa kimemeng'enywa. Dirisha alilolipata lilitazama ghala, na kila mzigo uliotoka ghalani alidhani umekwisha kuliwa.

Tufuatilie sahani ya ugali, maharage, mchicha na vipande vya nyama. Kabla ya tonge la kwanza, harufu peke yake imekwisha kuamsha tezi. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyetobolewa koo, ambaye kila anachomeza kinaanguka nje, bado anatoa majimaji mengi tumboni, kwa kuwa ubongo umetuma habari. Mfuko wenyewe ukiwa mtupu hauna ukubwa wa kikombe cha chai. Chakula kinapoanza kushuka, sehemu yake ya juu hulegea na kutanuka mpaka kubeba lita moja na zaidi, bila shinikizo la ndani kupanda sana. Kulegea huko ni tendo la makusudi la mishipa ya fahamu, na wale ambao kwao tendo hilo limeharibika hujisikia wamevimbiwa baada ya matonge machache. Ugali uliomezwa unabaki umerundikana katika sehemu hiyo ya juu kwa muda, na ndani ya rundo, asidi isipofika bado, kimeng'enya cha mate kinaendelea kuvunja wanga wake.

Sehemu ya chini ni ya kazi nzito. Mawimbi ya misuli hupita humo mara 3 kwa dakika, yakisukuma chakula kuelekea lango linaloingia kwenye utumbo mdogo. Lango hilo huachia upenyo mdogo tu. Yaliyo laini yanapita, yaliyo makubwa yanagonga na kurudishwa nyuma kwa nguvu, yanasagika, yanarudi tena. Vipande huruhusiwa vinapokuwa na upana wa milimita 1 hadi 2 hivi. Maji matupu hayasubiri yote hayo, na nusu ya glasi inaweza kuwa imepita katika dakika 20. Mlo wa kawaida huchukua saa 3 hadi 4, na wenye mafuta mengi zaidi ya hapo, kwa sababu utumbo mdogo ukihisi mafuta hutuma homoni na ujumbe wa mishipa ya fahamu kuuambia mfuko upunguze mwendo. Vipimo vimeonyesha kwamba kinachotoka ni kati ya kilokalori 1 na 4 kwa dakika, hata mlo uwe mkubwa namna gani. Sahani yetu ikiwa na kilokalori 800 na mwendo ukiwa 3 kwa dakika, mzigo utakwisha baada ya zaidi ya saa 4. Ndiyo maana mkulima aliyekula ugali mzito asubuhi anaweza kushika jembe mpaka mchana: utumbo unapokea chakula muda wote huo, ingawa yeye alikula mara moja tu.

Kwamba huku kugawa ndiko kazi kuu kulithibitishwa na upasuaji. Mwaka 1897 huko Zürich, Uswisi, daktari Karl Schlatter aliuondoa mfuko mzima wa tumbo wa mwanamke aliyekuwa na saratani, akauunganisha umio na utumbo mdogo. Kama imani ile ingekuwa kweli, mama huyo angekufa kwa njaa huku akila. Hakufa hivyo. Aliendelea kula, chakula chake kikameng'enywa, uzito wake ukaongezeka, akaishi zaidi ya mwaka mmoja hadi saratani iliporudi. Leo upasuaji huo ni wa kawaida katika hospitali kubwa, na walioupitia wanaweza kuishi miaka mingi. Shida wanazozipata ndizo zinazofundisha. Wakila sahani kubwa, hasa yenye sukari, chakula humiminika utumboni kwa mkupuo. Maji ya mwili hukimbilia humo, moyo hudunda, jasho hutoka, kizunguzungu huwashika, na baada ya saa moja au mbili sukari ya damu inaweza kushuka ghafla. Wanashauriwa kula milo midogo 6 au zaidi kwa siku. Kwa maneno mengine, mgonjwa analazimika kufanya kwa kijiko na saa kile ambacho mfuko wake ulikuwa ukimfanyia bila yeye kujua.

Hapa msomaji anaweza kupinga, na pingamizi lake lina uzito. Pepsini si hadithi. Inavunja protini kweli, na asidi inazikunjua protini za nyama na maharage ili zivunjike. Kipo pia kimeng'enya cha mafuta kinachotoka kwenye ukuta wa mfuko, na kwa mtoto mchanga anayenyonya, ambaye kongosho lake halijakomaa, msaada wake ni mkubwa. Sikatai. Ninachosema ni kwamba kiasi chake ni kidogo kuliko tunavyodhani: kwa makadirio ya kawaida, pepsini inafanya asilimia 10 hadi 20 ya kazi yote ya kumeng'enya protini. Yaliyobaki ni ya vimeng'enya vya kongosho na vya ukuta wa utumbo mdogo, ambao mikunjo na vinyweleo vyake vikikunjuliwa hufikia eneo la mita za mraba 30 hivi. Hata asidi yenyewe, ambayo tunaiona kuwa silaha ya kuyeyushia, ina kazi nyingine iliyogunduliwa London mwaka 1902. William Bayliss na Ernest Starling walikuta kwamba asidi inapogusa mwanzo wa utumbo mdogo, utumbo huachia kitu kwenye damu kinacholiamuru kongosho litoe majimaji yake. Walikata kwanza mishipa ya fahamu ya sehemu hiyo, na bado amri ilifika. Kitu hicho, sekretini, kilifungua elimu nzima ya homoni. Asidi ya mfuko wa tumbo, basi, inatangulia utumboni kama taarifa kwamba mzigo unakuja.

Lakini kazi ya asidi inayotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki, ambao kipindupindu hakijatuondokea, ni ya ulinzi. Chakula na maji tunayokunywa vina bakteria, hata nyumba iwe safi vipi, na asidi ya mfuko ulio mtupu ni kali kiasi kwamba wengi wao hufa ndani ya dakika chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Maryland, Marekani, waliwapa watu waliojitolea vijidudu vya kipindupindu, wakiwa tayari kuwatibu mara moja. Waliovinywa kwa maji matupu walihitaji mabilioni ya vijidudu ili waugue. Waliokunywa kwanza sodiamu baikaboneti, ambayo huua ukali wa asidi, waliugua kwa milioni moja tu. Tofauti ya maelfu kwa maelfu, na kilichobadilika ni asidi peke yake. Ushahidi kama huo ulipatikana pia bila jaribio. Kipindupindu kilipolipuka Jerusalem mwaka 1970, madaktari waligundua kwamba miongoni mwa wagonjwa wao watu waliowahi kukatwa sehemu ya mfuko wa tumbo walikuwa wengi kupita uwiano wao katika jamii. Na moja ya chanjo za kipindupindu zinazonywewa huchanganywa na dawa ya kutuliza asidi, maana bila hivyo mlinzi angeiharibu chanjo pamoja na maadui.

Sasa, mlinzi mwenye silaha kali namna hii kwa nini hajiui mwenyewe? Mfuko wa tumbo ni nyama, nasi tunakula utumbo wa ng'ombe na mbuzi na kuumeng'enya bila taabu. Mwaka 1772 daktari wa upasuaji John Hunter wa London aliandika kwamba katika baadhi ya maiti, hasa za watu waliokufa ghafla, alikuta mfuko wa tumbo umetobolewa na majimaji yake wenyewe. Watu hao walipokuwa hai, kuna kitu kilichouzuia mfuko usijile. Kitu hicho ni ute mzito unaotanda ukutani, ukiwa umechanganyika na baikaboneti inayozima asidi kabla haijagusa chembe hai, na chembe zenyewe hubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache. Vidonda vya tumbo huanza ngao hiyo inapovunjika. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye vidonda halipaswi kuwa asidi yake ni nyingi kiasi gani. Liwe: nani amemvunjia ngao?

Jibu la kwanza lilitoka Perth, Australia. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren waliwaotesha maabara bakteria waliopinda, ambao leo wanaitwa Helicobacter pylori, kutoka kwenye ukuta wa mifuko ya tumbo ya wagonjwa. Wenzao hawakuamini kwamba bakteria anaweza kuishi katika asidi ile. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe bakteria hao, akapata uvimbe mkali wa mfuko wa tumbo, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu hujifunika kwa amonia anayoitengeneza, akazama ndani ya ute. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaye, na katika nchi nyingi za Afrika wanazidi nusu; wengi hawaugui, baadhi hupata vidonda, wachache hupata saratani. Mvunja ngao wa pili yumo katika droo ya nyumba nyingi: dawa za maumivu za aina ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo huzuia kemikali zinazouamuru mwili kutengeneza ute. Pilipili na mawazo vimesingiziwa mno. Vinaweza kuchokoza maumivu, na Beaumont mwenyewe aliona hasira ikibadilisha hali ya mfuko wa St. Martin, lakini mwenye bakteria hawa hatapona kwa kuacha pilipili. Anahitaji kupimwa, kisha antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na azimalize zote.

Najua kuna atakayesema: mbona jirani alimeza dawa ya kupunguza asidi peke yake na maumivu yakakoma? Yalikoma kwa sababu kidonda kikipumzishwa kutoka kwenye asidi hujifunga. Bakteria wakibaki, kidonda hurudi, na ndiyo hali ya watu wanaonunua vidonge vilevile duka la dawa mwaka baada ya mwaka. Dawa hizi, omeprazoli na wenzake, ni nzuri sana mahali pake, na aliyeandikiwa na daktari kwa sababu maalumu asiziache kwa kusoma makala. Kasoro iko katika kuzimeza kama peremende kila baada ya mlo mzito. Anayefanya hivyo amemwondoa mlinzi langoni, na tafiti zimeonyesha kwamba watumiaji wa muda mrefu hupata zaidi maambukizi ya matumbo. Amepunguza pia ufyonzaji wa madini ya chuma ya mchicha, kisamvu na maharage, ambayo yanahitaji asidi ili yayeyuke, na hilo si dogo kwa akina mama wanaopambana na upungufu wa damu. Atakayetapika damu, atakayepata choo cheusi cha kunata au kukonda bila sababu asijitibu dukani hata siku moja, aende hospitali.

Hofu ya kunywa maji wakati wa kula nayo inaisha tukishajua kazi halisi ya mfuko. Wanasema maji yanazimua asidi, kwa hiyo chakula hakimeng'enywi. Mlo wenyewe unazimua asidi kuliko glasi ya maji: mara baada ya kula, ukali wa asidi hushuka sana kwa sababu protini zinainyonya, kisha tezi, zinazotoa lita 2 hivi za majimaji kwa siku, huurejesha polepole. Maji hupita mapema na athari yake huisha ndani ya dakika chache. Wala tunda lililoliwa baada ya ugali halikwami likaoza, kwani uozo ni kazi ya bakteria na hapo si mahali pao. Gesi ya maharage hutengenezwa mita kadhaa mbele, katika utumbo mpana. Kiungulia nacho mara nyingi hakisababishwi na asidi kuzidi. Lango la juu, kati ya umio na mfuko, limelegea, na asidi ya kiasi cha kawaida imepanda mahali pasipo na ngao. Ndiyo maana huwasumbua wajawazito, ambao homoni zao hulegeza lango huku mtoto akisukuma kutoka chini, na huwasumbua wanaolala mara baada ya chakula cha usiku. Kula mapema, kula kiasi na kuinua upande wa kichwa wa kitanda kunasaidia wengi kabla ya kidonge chochote.

Kiko kitu kimoja ambacho mfuko wa tumbo unakitoa na hakuna kiungo kingine kinachoweza kuuchukulia nafasi. Chembe zilezile zinazotoa asidi hutengeneza protini inayoshikamana na vitamini B12, ya nyama, samaki, maziwa na mayai, na kuisindikiza hadi mwisho kabisa wa utumbo mdogo, ambako ndiko inakofyonzwa. William Castle wa Boston alilionyesha hilo kwa jaribio aliloliripoti mwaka 1929: wagonjwa wa aina fulani ya upungufu wa damu, ambao nyama ya kawaida haikuwasaidia, walianza kupata nafuu walipolishwa nyama iliyokaa kwanza kwa muda ndani ya tumbo la mtu mzima wa afya kisha ikatolewa. Mchango wa lazima kuliko yote, kumbe, ni wa kusindikiza, na matunda yake yanavunwa mita nyingi kutoka hapo. Ini huweka akiba ya vitamini hii ya kutosha miaka kadhaa. Ndiyo sababu mtu aliyeondolewa mfuko wa tumbo anaweza kujisikia mzima mwaka wa kwanza na wa pili, akaona hana haja ya kurudi kliniki, kisha mwaka wa tatu au wa nne miguu ikaanza kufa ganzi na damu kupungua. Sindano ya B12 anayopewa, ambayo gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na upasuaji wenyewe, ni ya maisha yake yote, na familia inayomuuguza inapaswa kuambiwa hivyo siku ileile anapotoka hospitalini.